Mdugu Watazamaji

"Mtoto na ntoto, hao ni watu wawili au ni mmoja?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa darasa la tano, mbele ya wenzangu wote, na mwalimu wetu wa Kiswahili aliyekuwa ameshika ufito wa mkorosho. Sikulijibu. Nikisema ni mmoja, ataniuliza kwa nini basi namtaja vibaya. Nikisema ni wawili, itabidi nimwonyeshe huyo wa pili yuko wapi. Nilisimama nikivitazama vidole vya miguu yangu, vumbi jekundu limejaa kwenye kucha, na darasa zima likangoja kwa hamu ile ambayo watoto huwa nayo wakijua kwamba fimbo si yao.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani likizo. Lori lilinishusha kwenye barabara ya Nyangamara, nikajitwika begi mpaka nyuma ya shule yetu ya zamani, na hapo nikasikia darasa la tatu wakisomeshwa kwa pamoja: m-to-to, m-ko-no, m-ka-te. Sauti zilitoka madirishani zikiwa zimenyooka kama mistari ya daftari. Nikasimama palepale. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, nina vitabu vya watu wakubwa ndani ya begi, na bado kiganja changu cha kushoto kilianza kuwasha mahali ufito ulipokuwa ukitua.

Basi nakuambia mapema, rafiki yangu, kwamba siandiki haya kwa kuwa nimesamehe. Watu hupenda kuukumbuka utoto kana kwamba ulikuwa uji wa mtama wenye sukari. Mimi ninaukumbuka ili nimfikie mtu mmoja.

Kijiji chetu hakikunizidi umri kwa mengi. Watu waliletwa pale kutoka mashambani mwao, kila nyumba na kuku wake na vinu vyake, wakapangwa mistari miwili kama wanafunzi. Bibi yangu, aliyenilea, aliacha mikorosho yake mwendo wa asubuhi nzima kutoka pale, na kila msimu alirudi kuiokotea korosho na kunung'unika njia nzima kwamba miti imelala njaa bila yeye. Tulikuwa na shamba la kijiji, ofisi ya kijiji, duka la kijiji lililokuwa na kila kitu siku ya kwanza na baadaye likabaki na viberiti, na redio moja, ya ofisi, iliyowekwa dirishani alasiri ya Jumamosi ili watoto tusikilize kipindi chetu.

Tulikaa chini, tukimenya ming'oko iliyochemshwa, mizizi ile ya porini ambayo ukila unabaki na nyuzi mdomoni mpaka kesho yake. Ndani ya redio kulikuwa na mwanamke tuliyemwita Shangazi. Alituuliza, "Watoto wazuri, hamjambo?" Tukaitikia kwa nguvu zote. Naye akasema, "Nawasikia, mmeitikia vizuri sana."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali ambayo hayana faida. Jumamosi moja niliwaomba wenzangu wanyamaze. Tukanyamaza, hata vitoto vichanga vikazibwa mdomo kwa matiti. Shangazi akauliza hali zetu, akasubiri kidogo, akasema, "Nawasikia, mmeitikia vizuri sana." Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika, na sidhani kama hasira ile imewahi kwisha. Mpaka leo mtu akiniambia amenisikia, nasubiri kwanza nione.

Hata hivyo nilitaka kuingia ndani ya redio ile kuliko kitu chochote duniani. Nakiri.

Ndiyo maana habari ilipokuja kwamba watu wa redio watapita kwenye vijiji vyetu na gari lao, kurekodi watoto, nilikimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani bila kusimama. Shule yetu itatoa ngonjera. Mwalimu wa Kiswahili ataitunga, na mimi nimechaguliwa kuiongoza, kwa sababu nilikuwa nakariri haraka kuliko wote na sauti yangu ilifika mpaka zahanati. Bibi alikuwa akitwanga muhogo mkavu. Aliacha mchi umesimama kwenye kinu.

"Nitakusikia humo ndani?" akauliza.

"Utanisikia, bibi."

"Nke mwenzangu," akasema. Kwetu bibi humtania mjukuu wa kike kwa jina hilo, maana wanagombea mume mmoja, yaani babu, hata babu akiwa ameshakufa. "Nke mwenzangu atasema na dunia nzima." Jioni ile wanawake wote kisimani walikuwa na habari. Kesho yake aliwapelekea hata watu wa mstari wa pili, ambao kwa kawaida hakuwa akisema nao kwa sababu ya kuku.

Umeisikia ile "nke"? Ndiyo iliyoniponza. Kwetu ni "ntu," si "mtu." Ni "nkono," "nkate," "ntoto." Wamwera, Wamachinga, Wamakonde, sote midomo yetu inapita njia hiyo. Nyumbani kwetu mchi wa kutwangia uliitwa "nchi," na nchi yenyewe, ile yenye bendera, nayo ni nchi. Kwa miaka mingi, walipotuhimiza shuleni tuipende nchi yetu na kuitumikia, nilidhani wanazungumzia ule mti wa bibi uliolainishwa na viganja vyake, na niliona ni jambo la haki, kwani nilikuwa nimeshautumikia sana.

Mwalimu yeye hakusema hivyo. Alikuwa mwanamke wa Kiswahili kilichopigwa pasi. Alivaa viatu vya kufunga hata siku ya shamba la kijiji, na tuliambiwa alitoka mjini. Mji gani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Siku ya kwanza ya mazoezi nilianza beti kwa sauti yangu yote: "Ntoto wa kijiji, nimeshika jembe nkononi."

Akainua ufito. Ndipo akaniuliza lile swali.

Nilipokosa jibu, akasema, "Redio haiwezi kubeba hiyo. Dar es Salaam watacheka. Kuanzia leo, kila n mahali pa m, fimbo moja."

Nilihesabiwa fimbo siku nzima. Usiku sikuacha kujisemesha, mtoto, mkono, mkate, nikifunga midomo kwa nguvu kama mtu anayezuia kutapika. Kesho yake nilikuwa tayari. Nilisimama, nikapita mtoto salama, nikapita mkono salama, furaha ikanipanda kichwani, nikafika ubeti wa pili penye "ndugu zangu, nchi yetu," na mdomo wangu, ambao sasa ulikuwa umeshaogopa n zote za ulimwengu, zenye hatia na zisizo na hatia, ukatamka waziwazi:

"Mdugu zangu, mchi yetu."

Darasa lilipasuka. Ilibidi mwalimu apige meza. Hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kaa. Hutakuwamo."

Nafasi yangu alipewa binti wa bwana shamba, ambaye familia yake ilihamia kwetu kutoka Morogoro. Hakuwa mbaya. Alikariri polepole na sauti yake haikufika hata kwenye mlingoti wa bendera, lakini m zake zilikuwa safi.

Bibi sikumwambia. Kila nilipotoka shule aliniuliza, "Leo mmesema vipi?" nami nikamsomea beti zote nikiwa nimekaa kwenye kigoda, naye akitikisa kichwa kwa kila mstari kama anayepima chumvi.

Ilikuwa katika siku hizo ndipo jirani yetu aliporudi kutoka Unguja alikokwenda kuchuma karafuu. Alirudi na suruali mpya na habari za televisheni. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa ameiona. Akatueleza kwamba ni redio yenye dirisha. Watu wamo ndani, unawaona wakisema, na ukichoka nao unazungusha kitu kama kifundo wanakuja wengine.

"Na wao wanakuona?" nikauliza.

"Hawakuoni."

"Unajuaje?"

"Niliwatolea ulimi," akasema. "Hawakufanya kitu."

Nilimwamini kuliko nilivyowahi kumwamini mtu yeyote wa ofisi. Na siku hiyohiyo nikajua nitakachofanya.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kitanda cha bibi cha kamba, ambacho kamba zake zilikuwa zimekatika zote. Kilibaki mbao nne na miguu, kikingoja ukindu wa kukiwamba upya. Mimi na rafiki yangu, mtoto wa fundi cherehani, tulikisimamisha ubavu kati ya mikorosho miwili. Kikawa dirisha. Tukatundika kanga kuukuu ya bibi kwa ndani. Kanga ikifunguliwa, televisheni imewaka. Kwenye mguu mmoja wa kitanda tukachomeka kibunzi cha mahindi, na rafiki yangu akawa na kazi ya kukizungusha. Watazamaji wakichoka walipiga kelele, "Zungusha," naye akazungusha, nasi tukabadilika.

Tulionyesha vipindi vya watoto. Yaani tulivichukua vile vya redioni, kimoja baada ya kingine, tukavivua nguo. Mimi nilikuwa Shangazi, nimejifunga kilemba, na salamu yangu ya kufungulia ilikuwa lile kosa langu lenyewe, nililolichukua pale lilipoanguka na kulifanya jiwe la kurushia: "Mdugu watazamaji, watoto wazuri wa mchi yetu, hamjambo?"

"Hatujambo," wakaitikia.

"Mimi mguu wangu unatoka damu," mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nawasikia. Nimefurahi sana kwamba mguu wako unatoka damu."

Kulikuwa na kipindi cha salamu. Mtoto wa fundi cherehani alisalimia baba yake, mama yake, babu yake wa Somanga, mbuzi wao mwekundu, mbuzi wao mweupe, mbuzi aliyeuzwa mwaka jana popote alipo, mpaka watoto wakagaragara. Kulikuwa na kipindi cha afya. Mtaalamu alitufundisha kunawa mikono kwa sabuni, mtoto mmoja akamwambia dukani hakuna sabuni, naye akajibu, "Basi nawa kwa kuitaja." Tukanawa sote, tukisugua viganja vikavu na kusema sabuni, sabuni, sabuni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Sikujua kwamba tulikuwa tukisema siasa. Nilijua tu kwamba wakubwa waliopita njiani na majembe yao walisimama, wakacheka wakiangalia pembeni, kisha wakaendelea haraka.

Na mwisho wa kila Jumamosi, nikivua kilemba na kushika ufito, nilikuwa yeye. Nilitembea kama yeye, visigino vikigonga chini kama mtu anayepigilia misumari. Nilimweka mtoto mdogo mbele yangu nikamuuliza, "Wewe, mbuzi na mmbuzi ni wawili au ni mmoja?" Akajibu, "Ni watatu, Mwalimu." Nikamchapa kwa jani. Hapo ndipo walipocheka zaidi, na kila kicheko nilikimeza kama dawa. Nilitaka shule nzima iseme "mdugu." Nilitaka neno lile limfuate darasani, chooni, njiani kwenda kisimani, asipate mahali pa kukaa bila kulisikia. Na lilimfuata. Ilipofika wiki ya tatu watoto hawakuitana tena kwa majina. "Mdugu, nipe kifutio." "Mdugu, umeniangusha."

Tulionyesha mara tano tu. Aliyetumaliza ni binti wa bwana shamba, na hakukusudia. Alikuwa akija kututazama kila Jumamosi, akicheka mpaka machozi, na Jumatano moja kwenye mazoezi alisimama mbele ya mwalimu, akafungua mdomo wake safi, akasema, "Mdugu zangu."

Mwalimu alimwuliza hilo kalitoa wapi.

"Kwenye televisheni, Mwalimu."

"Televisheni gani?"

"Ya kitanda."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ndani ya dirisha na ufito wangu, katikati ya swali la mbuzi, nilipoona vicheko vinazimika kimoja kimoja kuanzia nyuma. Nilidhani wamechoka. Nikapaza sauti zaidi. Rafiki yangu akazungusha kibunzi kama mtu anayesaga karanga, lakini mimi sikubadilika, nilikuwa nimenogewa. Ndipo nikaviona viatu vya kufunga.

"Mwacheni," mwalimu akasema. "Nataka kuona kinavyokwisha."

Akanigeukia mimi.

"Wewe. Kinakwishaje?"

"Hakina mwisho, Mwalimu," nikasema. "Huwa tunazungusha."

"Basi zungusheni."

Rafiki yangu akazungusha. Sikuwa na kipindi kingine. Nilishika kanga kwa mkono wangu mwenyewe nikaifunga, nikabaki nyuma yake, nikisikiliza kama redio.

"Shikamoo, mama," mwalimu akamwamkia bibi, aliyekuwa ametoka jikoni.

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

"Sikai, mama. Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wako. Anaitukana redio ya serikali."

"Ameitukana? Yenyewe imesemaje?"

"Mama, hili si la utani. Wageni wanakuja wiki hii. Akiendelea hivi atatuharibia. Nimeshamtoa kwenye ngonjera, sasa nimtoe na shuleni?"

Kuku mmoja akapita akilalamika.

"Umemtoa lini?" bibi akauliza.

"Wiki ya kwanza. Hakukwambia?"

Kuna vipigo vingi nilivyopata kwa mkono wa yule mwalimu, na vyote naweza kuvieleza. Hiki sikiwezi. Nilisubiri bibi aje anichape, ningeshukuru. Alikuja tu akasimama upande wa pili wa kanga, nikaviona vidole vyake vya miguu.

"Nke mwenzangu," akasema, "toka humo. Nataka kitanda changu."

Alikiwamba alasiri ileile, kwa ukindu ambao ulikuwa haujakauka vizuri, akivuta kila kamba kwa mguu na mikono. Dirisha letu likajaa nyuzi, mstari juu ya mstari, mpaka halikuonyesha kitu. Kuanzia kesho yake aliacha kwenda kisimani asubuhi pamoja na wenzake. Alikwenda saa saba mchana, jua likiwa juu kabisa, wakati hakuna mtu wa kumuuliza siku gani tutamsikia mjukuu.

Siku ya wageni walifika na gari la serikali lililojaa vumbi la barabara ya Kilwa, wanaume wawili na mashine yenye magurudumu mawili ya utepe. Shule ilifagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Mimi nilipewa kazi ya kuchota maji ya kunawa wageni, na amri ya kutoingia darasani. Nilisimama nje ya dirisha na ndoo kichwani.

Wenzangu walikuwa wamepangwa mistari mitatu. Mwalimu alivaa gauni ambalo hatukuwahi kuliona. Mmoja wa wale wanaume akaweka vitu vya kusikilizia masikioni, akainua kidole, magurudumu yakaanza kuzunguka, na chombo cha kusemea kikanyooshwa mbele ya mdomo wa mwalimu ili awakaribishe. Akavuta pumzi. Midomo yake ikafungwa, kwa nguvu, kwa namna ambayo mimi peke yangu pale ningeweza kuitambua kama ningekuwa na akili.

"Mdugu zetu wa redio," akasema, "karibuni katika mchi yetu."

Alikuwa na sauti nzuri, lazima niseme. Ilisikika mpaka kwenye mlingoti.

Watoto walijaribu. Nawashuhudia kwamba walijaribu. Binti wa bwana shamba alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Kisha mmoja nyuma akatoa mlio wa pua, na shule nzima ikaanguka kama ukuta wa udongo uliolowa. Walicheka wakishikana mabega. Yule mwanamume alivua vitu vyake masikioni naye akacheka bila kujua anacheka nini. Nami dirishani nilicheka mpaka ndoo ikanimwagikia yote, maji yakinipita usoni na kifuani, na nakuapia, rafiki yangu, sijawahi kuoga maji matamu kama yale.

Mwalimu alitabasamu. Nilisema moyoni kwamba ni aibu. Akawaashiria watoto waanze, ngonjera ikasomwa, na wiki tatu baadaye tuliisikia dirishani pa ofisi, ikiwa imekatwa mwanzo wake. Bibi alikuja kuisikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza yule anayeongoza ni mtoto wa nani, akaambiwa, akasema, "Amesema vizuri," akarudi kwenye kinu chake.

Muhula ulipokwisha mwalimu aliondoka kijijini. Hakuaga. Nilijua ni mimi niliyemfukuza. Nilitembea na ushindi ule sekondari yote. Nilipodharauliwa kwa matamshi yangu, kwanza bwenini, kisha jijini, niliutoa na kuutazama. Bibi alipofariki, kabla sijamaliza masomo, nilikaa kwenye kile kitanda chake nikasema moyoni, angalau yule nilimlipa.

Mwezi uliopita nilipotazama hapakuwa na kitu cha kushika. Kitanda kimeliwa na mchwa. Mikorosho yetu miwili imekatwa, na ya bibi, ile ya mbali, imemezwa na pori. Mtoto wa fundi cherehani ameolewa Mchinga, ana watoto wanne, anasema "mkate." Redio ziko nyumba nyingi. Hakuna mtoto hata mmoja aliyenielewa nilipowaambia kwamba kijiji hiki kiliwahi kuwa na televisheni.

Lakini kuna jambo nililokuja kulijua mwaka jana, nikiwa chuo kikuu, nami nalikasirikia mpaka leo. Katika somo la isimu, mhadhiri wetu alieleza kwamba mtu anayekimbia kosa la lugha ya kwao huweza kukimbia mpaka akaipita nyumba aliyokuwa akiiendea. Aliyekanywa kusema n mahali pa m, akiingiwa na hofu, huanza kuweka m hata mahali pa n. Akaandika mifano ubaoni. Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba kosa hili hawezi kulifanya mtu ambaye lugha ya kwao haikuwa na shida hiyo tangu mwanzo. Niliacha kuandika.

Jioni ile nilimsimulia hadithi yote mwenzangu wa chumbani, msichana wa Rondo. Nilimtajia jina la mwalimu, ambalo hapa silitaji. Akaweka kikombe chake chini.

"Huyo ni mama yangu mdogo," akasema.

"Haiwezekani. Yule alikuwa mtu wa mjini."

"Mjini alisoma. Kazaliwa Rondo, nyumba yao na yetu ua mmoja. Akiwa nyumbani anasema ntoto na nkate kama sisi sote."

Nikamuuliza kwa nini basi aliondoka kwetu bila kuaga. Akasema mama yake, yaani bibi yake huyu mwenzangu, aliugua ghafla, mwalimu akaomba uhamisho kwenda kumuuguza. Mgeni ambaye hakujua anachokichapa, pengine siku moja ningemsamehe. Huyu alikijua. Alikijua kwa ulimi wake mwenyewe, na ndiyo maana aliniweka nje.

"Na siku ya redio?" nikauliza. "Aliwahi kuwaambia habari za siku ile?"

"Ile? Anaisimulia kila sikukuu, tumeshaikariri." Mwenzangu alikuwa akinitazama kwa huruma sasa. Mama yake mdogo, akasema, husimulia kwamba alifungua mdomo tu kuwakaribisha wageni, na watoto wa shule nzima wakaangua vicheko vya furaha, hata mmoja aliyekuwa dirishani akajimwagia ndoo ya maji, na kwamba katika miaka yote ya kufundisha hajawahi kupendwa na watoto kama siku ile.